Walianza na karatasi

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa historia mjini Arusha, tarehe 27 Januari. Nimeiandika tena kutokana na sauti niliyorekodi kwa simu. Salamu ndefu nimezipunguza, vicheko nimeviacha ukumbini.)

Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ameshaninong'oneza kwamba chai ya saa nne haimsubiri mtu. Basi sitazunguka. Nawapeleka moja kwa moja kwenye lifti.

Lifti yenyewe iko Washington, Marekani, ndani ya Makumbusho ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi milioni sita chini ya Hitler, jengo la matofali na chuma lililofunguliwa Aprili 1993, karibu na ule mnara mrefu mweupe mnaouona kwenye televisheni. Mwanangu anaishi ng'ambo ya mto, Virginia. Nilikwenda kumwona mjukuu, na siku ya tatu, mjukuu akiwa amelala, nikasema naomba nipelekwe hapo mahali ninapofundisha habari zake miaka yote bila kupaona. Kiingilio ni bure. Mlangoni unakaguliwa kama uwanja wa ndege, na kwa nini, nitawaambia baadaye. Ukishapita unachukua kijitabu kidogo mfano wa pasipoti. Ndani kuna picha ya mtu, jina lake, mji alikozaliwa, kazi yake. Ni mtu wa kweli. Unatembea naye. Kila ghorofa unafunua ukurasa uone yaliyomkuta, na ukurasa wa mwisho ndio unaokwambia kama alipona.

Lifti ni ya chuma, ya kijivu, na inabana. Inakupandisha mpaka ghorofa ya nne, halafu unashuka kwa miguu huku miaka ikisogea: juu kabisa ni 1933 hadi 1939, chini yake ni vita na kambi, chini yake tena ni yaliyofuata. Mimi nilijiandaa kuona maiti. Na kweli, mlango ukifunguka unakutana na picha kubwa ukutani, wanajeshi wa Marekani wamesimama mbele ya miili iliyoungua katika kambi ya Ohrdruf, Aprili 1945. Jenerali Eisenhower alikwenda mwenyewe kambini hapo, akaandika kwamba amekwenda makusudi, ili siku watu wakija kusema ni uzushi, awepo shahidi aliyeona kwa macho yake. Fikirini hilo: vita haijaisha, na mtu ameshajua kwamba itakanushwa.

Ukiipita picha hiyo, ghorofa ya nne haijai maiti kama nilivyotarajia. Imejaa karatasi.

Fomu, mihuri, matangazo ya serikali, kadi, chati za ukoo. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zile sheria za Hitler za kuwabagua Wayahudi, na maelekezo ya Novemba mwaka huohuo yaliyosema nani ahesabiwe Myahudi: mwenye babu na bibi watatu au wanne Wayahudi, awe anasali asisali, awe amebatizwa asibatizwe. Kisha Agosti 1938 amri kwamba kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halimtambulishi aongezewe jina la Israel, na kila mwanamke Sara. Kisha Oktoba 1938 pasipoti za Wayahudi zikapigwa muhuri wa herufi J, nyekundu, baada ya mazungumzo na Uswisi, ambayo haikutaka kuwapokea bila kuwajua. Na pale pembeni kuna mashine. Mashine ya Hollerith, ya kuhesabia kadi zilizotobolewa, ile mashine iliyokuwa babu wa kompyuta zetu. Katika sensa ya Ujerumani ya Mei 1939 kila kaya ilijaza kadi ya ziada, ikatiwa ndani ya bahasha na kufungwa, ikiuliza kwa kila mtu: je, kati ya babu na bibi zako wanne, yupi ni Myahudi?

Nilisimama pale nikamwona karani. Simjui, wala hakuna picha yake ukutani. Nilimwona tu: mtu mwenye miwani, mwandiko mzuri, anafungua bahasha, anatoboa kadi, saa sita anakula mkate wake, jioni anarudi nyumbani kwa wanawe. Hakumpiga mtu kofi maisha yake yote. Na bila makarani kama yeye, treni za kuwapeleka watu kambini zisingejua zimfuate nani.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na nitalirudia kwa sura mbalimbali mpaka mwenyekiti anivute koti. Tunawafundisha vijana mwisho wa mambo. Tunawaambia milioni sita, wanaandika milioni sita, mtihani unapita. Mwanzo, ambako watu wa kawaida wenye kalamu mkononi walikuwa wanafanya kazi yao ya kila siku, tunauruka. Katika silabasi yetu Hitler huingia kupitia mdororo wa uchumi, anapewa sababu tano za kupanda kwake, mwanafunzi anazikariri kwa Kiingereza, tunafunga daftari.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa karatasi inaweza kumfanya mtu nini. Lugha yetu ina neno lake: kipande. Mashamba ya Mjerumani yalikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi hadi 1947, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chake chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati, kikining'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Nadhani waliokipa jina hilo walikuwa wameshamaliza uchambuzi wote ninaojaribu kuufanya hapa.

Sisemi kipande ni sawa na kambi ya mauaji ya Auschwitz. Tafadhali asije mtu akaninukuu hivyo. Wanaofundisha pale makumbusho wana mwongozo kwa walimu, na moja ya mambo wanayosisitiza ni usipime maumivu ya watu kwa mizani, hili kubwa kuliko lile. Nakubali. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa Kiafrika Mashariki anaposhika nakala ya kadi ile ya Berlin, mkono wake tayari unajua ni kitu gani.

Na kuna kadi nyingine iliyo karibu zaidi. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila: Hutu, Tutsi, Twa. Wabelgiji wakaondoka, vitambulisho vikabaki. Serikali huru zikaviendeleza miaka thelathini na zaidi. Aprili 1994, mauaji ya Watutsi yalipoanza, kwenye vizuizi vya barabarani swali lilikuwa fupi: toa kitambulisho. Mstari mmoja ndani yake ndio uliokuwa hukumu.

Sasa niwaambie kosa langu, maana nisipolisema nitakuwa nawahubiria tu.

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha kidato cha pili, shule ambayo sitaitaja, ni ya huku kwetu. Redio zilikuwa zinatangaza habari za mahakama ya hapa Arusha, ile ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, nikasema leo nitawafanya watoto waelewe ubaguzi kwa vitendo. Nikakata karatasi za rangi, njano na bluu. Njano wakae nyuma, wasinyooshe mkono, wasiongee na bluu. Bluu wanayo ruhusa ya kuwaamrisha. Dakika kumi tu, nikajisemea, halafu tutajadili. Mwanzoni walicheka. Dakika ya nne au ya tano bluu walikuwa wameshanogewa, na mimi nikajiona mwalimu hodari, somo limekubali.

Nyuma kulikuwa na binti mmoja mkimya sana, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Ngara, mpakani na Rwanda, analelewa na shangazi. Alikuwa amepata njano. Hakulia. Aliichukua ile karatasi akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaitia mdomoni akaimeza. Halafu akaweka mikono juu ya dawati akaniangalia.

Sikujua nifanye nini. Nilipiga makofi nikasema haya, mchezo umekwisha, fungueni ukurasa fulani. Kesho yake shangazi yake alikuja shuleni. Hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, huyu mtoto anajua. Wewe usimfundishe hilo." Akaondoka.

Miaka mingi baadaye, kule Washington, nikashika ule mwongozo wa walimu. Nilimwambia mwanangu aniache nikae kwenye benchi. Umeandikwa bila kuficha: usiwafanye wanafunzi waigize, usiwagawe makundi ya watesi na wateswa, usiwafungie chumbani ukadhani wataelewa behewa lililowapeleka watu kambini. Hawataelewa, watacheza. Na yule aliyepitia atapitia tena. Nilisoma sentensi hizo kama mtu anayesomewa shauri lake.

Kwa hiyo, walimu, karatasi za rangi tuache. Tuchukue karatasi za kweli.

Ghorofa ya tatu kuna behewa, lile la kubebea mizigo, na njia inakupitisha ndani yake. Asiyeweza ana njia ya pembeni. Kuna viatu, 4,000, vilivyotoka kambi ya Majdanek. Havina rangi tena, vyote vimekuwa udongo, na chumba kinanuka ngozi kuukuu. Kuhusu viatu wengi wameandika, sitaongeza. Nitasema kuhusu kitu ambacho hakipo.

Auschwitz wanawake walinyolewa, na nywele zao zilifungwa kwenye magunia zikauzwa viwandani. Makumbusho yalipokuwa yanaandaliwa kulikuwa na mpango wa kuonyesha nywele zenyewe. Wanahistoria wengine waliona ni ushahidi, haufai kufichwa. Ndipo baadhi ya wanawake walionusurika wakasema hapana: huenda nywele hizo ni za mama yangu. Wakabishana sana. Mwisho, ukutani wakaweka picha ya nywele tu. Wenye kidonda ndio waliokuwa na neno la mwisho, dhidi ya wataalamu. Sisi huku tunajua maana ya kuhifadhi mwili wa marehemu, kutoonyesha-onyesha. Nilipolisikia jambo hilo niliwaamini watu wa pale kwa mengine yote.

Na karibu na hapo kuna debe la maziwa. Debe la chuma, limeota kutu, la aina ile wafugaji wetu wanayopeleka maziwa kiwandani. Mngelipita bila kulitazama.

Mjini Warszawa, Poland, ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walisongamanishwa wafe kwa njaa na homa, alikuwamo mwanahistoria anaitwa Emanuel Ringelblum. Mwalimu wa historia, kama wewe na mimi, alifundisha sekondari. Akakusanya watu kwa siri, wengine waandishi, wengine walimu, wengine watu wa kawaida tu, wakajiita Oneg Shabbat, furaha ya Sabato, kwa kuwa walikutana Jumamosi. Kazi yao ilikuwa kuokota karatasi. Waliandika nani ameletwa kutoka wapi, bei ya mkate leo, nani amekufa, watoto wanaimba nini. Wakahifadhi tiketi za tramu, kadi za mgao wa chakula, maganda ya peremende. Maganda ya peremende! Maana walishaelewa kwamba adui hataki kuwaua tu, anataka pia awe mwandishi pekee wa habari zao.

Uhamishaji wa kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka ulipoanza, mwaka 1942, walifukia sehemu ya kwanza kwenye masanduku ya chuma. Mwaka 1943 wakafukia sehemu ya pili ndani ya madebe mawili ya maziwa. Kijana mmoja aliyesaidia kufukia ile sehemu ya kwanza, Dawid Graber, umri miaka 19, aliacha waraka ndani ya masanduku akieleza kwamba yale ambayo hawakuweza kuupigia ulimwengu kelele, wameyazika ardhini. Ringelblum aliuawa Machi 1944 pamoja na mkewe na mtoto wao. Katika watu 60 hivi wa kundi lile walinusurika watatu. Masanduku yalifukuliwa Septemba 1946, madebe yakapatikana Desemba 1950. Debe moja ndilo hilo. Sehemu ya tatu haijapatikana hadi leo.

Kwa hiyo karatasi zilikuwa mbili. Ya karani na ya Ringelblum. Mnapochagua cha kuingia nacho darasani, ingieni na zote mbili. Mkiingia na ya karani peke yake mtakuwa mnawafundisha watoto kuwaona Wayahudi kwa jicho la aliyewaua: namba, rundo, maiti. Wale watu walikuwa na harusi, na wivu, na magazeti, na mashairi, na watoto watundu.

Anwani ya makumbusho hayo nayo ni ya mtu wa karatasi. Barabara imepewa jina la Raoul Wallenberg, mwanadiplomasia wa Sweden aliyekwenda Budapest mwaka 1944, akachora hati ya kujitungia, yenye nembo ya taji tatu, rangi ya manjano na buluu, mihuri, sahihi, akawagawia Wayahudi kwa maelfu: huyu yuko chini ya ulinzi wa Sweden. Kisheria haikuwa na nguvu yoyote ya maana. Lakini alijua askari anaogopa muhuri. Januari 1945 Warusi wakamchukua, hakuonekana tena.

Mahali pengine nitapita haraka. Evian, Julai 1938: nchi 32 zilikaa hotelini huko Ufaransa kujadili wakimbizi wa Kiyahudi, zikasikitika sana, na karibu zote zikasema kwetu kumejaa. Sisi tuna msemo mgeni njoo mwenyeji apone, na Aprili 1994 pale daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, Watanzania waliutenda: watu wapatao robo milioni walivuka ndani ya siku moja hivi. Lakini tusijipigie makofi sana. Machi 1995 tuliufunga mpaka, na mwishoni mwa 1996 tukawarudisha. Hilo nalo lifundishwe.

Sasa tuje nyumbani kabisa.

Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto anaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka kumi, akaingia vita ya kwanza ya dunia upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Mwaka 1929 yuko Berlin. Alifuata nini? Karatasi. Alikwenda wizara ya mambo ya nje kudai mishahara ya baba yake na yake, ambayo Mjerumani hakuilipa. Wakamwambia umechelewa, muda wa madai umepita. Naona baadhi yenu mnacheka. Ndiyo, wastaafu wenzangu, hiyo tunaijua.

Akabaki Berlin. Akawa mhudumu wa vinywaji katika jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Narudia: miaka ya Hitler, katika chuo kikuu cha Berlin, kulikuwa na Mswahili wa Dar es Salaam anafundisha Kiswahili. Januari 27, 1933 alimwoa mwanamke wa Kizungu, Maria Schwandner. Tarehe ya leo! Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela.

Yeye aliendelea kuandika barua. Aliomba nishani ya heshima ya askari wa vita, wakamkatalia. Alikuwa na pasipoti ya Ujerumani, wakamnyang'anya. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa walilolibuni wenyewe, la kuitia najisi damu yao, yaani kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakupelekwa mahakamani. Alitupwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo ukienda Brunnenstraße namba 193, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba kimepachikwa ardhini, ukubwa wa kiganja, kina jina lake.

Nawauliza, na si kwa kejeli: ni wangapi humu mlikuwa mnalijua jina hilo? Mikono... Wanne. Sawa. Na mimi nililijua nikiwa na miaka zaidi ya hamsini.

Kuna watu watauliza, na mkwe wangu aliniuliza nikiwa bado nimeshika kijitabu: mbona Wamarekani walijenga makumbusho ya dhambi za Wajerumani kwanza, katikati ya mji wao mkuu, na yale ya historia ya Wamarekani weusi yakafunguliwa Septemba 2016, miaka 23 baadaye? Swali ni la haki. Ni rahisi zaidi kukumbuka ukiwa wewe ndiye uliyekuja kuokoa. Lakini haliondoi ninachokisema, linakiongezea. Halafu makumbusho yale hayakubaki kwenye ya zamani peke yake. Wana kitengo cha kufuatilia mauaji ya kimbari yanayotokea sasa; mwaka 2004 walipaza sauti kuhusu Darfur, mwaka 2018 kuhusu Warohingya wa Myanmar. Ni mara ngapi wamesikilizwa, hiyo ni hadithi nyingine na si ya kufurahisha.

Na ule ukaguzi wa mlangoni niliowaahidi. Tarehe 10 Juni 2009 mzee mmoja wa miaka 88, Mzungu mwenye chuki ya kuzeeka nayo, alishuka kwenye gari mbele ya mlango. Mlinzi, Stephen Tyrone Johns, kijana mweusi wa miaka 39, alimwona mzee anakuja, akamfungulia mlango. Kama ambavyo mama yako angekufundisha. Mzee alikuwa na bunduki. Johns alifariki siku hiyohiyo.

Namalizia na jengo ambalo mmepita mbele yake asubuhi hii mkija hapa. Ndani ya kituo cha mikutano cha kimataifa, hapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, ilitolewa hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mkataba ulipitishwa Desemba 1948. Neno lenyewe alilibuni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, mwaka 1944, akiunganisha Kigiriki na Kilatini. Sisi tukalipata kwa kulitazama neno letu la zamani, mbari, yaani ukoo. Miaka hamsini neno lilikaa kwenye karatasi, na lilipopata mshtakiwa wa kwanza, lilimpatia hapa kwetu, kilomita chache kutoka soko la Kilombero.

Mshtakiwa ni Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, Rwanda. Kabla ya umeya alikuwa nani? Mwalimu. Halafu mkaguzi wa shule. Na hukumu inaeleza jambo ambalo darasani lina thamani kuliko hotuba yangu yote: siku za mwanzo za mauaji, mpaka tarehe 18 Aprili, alijaribu kuyazuia katani mwake. Siku hiyo akaitwa kwenye mkutano wa viongozi. Akarudi mtu mwingine. Ni siku kumi na chache hizo, kati ya mwalimu aliyekataa na mwalimu aliyekubali, ambazo ningependa tuzisome na vijana polepole, ukurasa kwa ukurasa. Hukumu ipo, inasomeka, ilichapwa mjini kwetu.

Mwenyekiti ameshasimama, kwa hiyo nitangaze ratiba.

Baada ya chakula cha mchana basi linaondoka saa nane kamili kwenda Tengeru. Baadhi yenu mnafundisha jirani na pale na hamjawahi kuingia. Wakati wa vita ya pili waliishi hapo Wapoland wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Msiwachanganye na habari ya asubuhi hii: wengi wao walihamishwa makwao na Stalin, wakapelekwa Siberia na kwingineko, wakatoka kupitia Iran hadi kufika kwetu. Makaburi yao yapo, karibu 150, mengi ya Wakristo, machache ya Wayahudi. Kila mmoja wenu atapewa karatasi yenye mstari mmoja mtupu. Chagueni kaburi moja, nakilini jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na zile alama ndogo za Kipoland zilizo juu na chini ya herufi, msiziruke. Kalamu njooni nazo. Na viatu viwe vya kufunga, jana mvua ilinyesha na udongo wa kule mnaujua.